Modyuleta ya mfululizo: koki inayochemka ukinyamaza

Kwenye AM, sauti haisafiri peke yake. Hubebwa na wimbi la redio, na ukubwa wa wimbi hilo hupanda na kushuka kumfuata msemaji. Kifaa kinacholipandisha na kulishusha ndicho modyuleta. Kwa watu wa redio za ridhaa, hasa wanaojijengea mitambo yao wenyewe, kuna aina inayopendwa kwa kuwa haidai transfoma ya sauti, lile lichuma zito, adimu na la bei mbaya. Hiyo ndiyo modyuleta ya mfululizo.

Mfululizo huo ni uleule wa darasa la fizikia. Umeme ukitoka kwenye pawa saplai hupita kwanza kwenye transista, ndipo ufike hatua ya mwisho inayosukuma antena. Transista imekaa njiani kama koki kwenye bomba, na sauti ya mikrofoni, ikishakuzwa, ndiyo inayoizungusha. Koki ikifunguka, volti zinazofika mbele huongezeka na wimbi hutanuka. Ikibana, wimbi husinyaa.

Tuseme hatua ya mwisho ni ya daraja la E, yaani transista yake hufanya kazi kama swichi ili ipoteze umeme kidogo, na msemaji akiwa kimya inakula ampea 1 kwa volti 12. Modyuleta huiona kama rezista ya omu 12. Ili sauti ifike asilimia 100, volti hizo lazima ziweze kushuka hadi sifuri na kupanda hadi 24. Volti maradufu huvuta mkondo maradufu, kwa hiyo wati 12 za ukimya huwa 48 kileleni. Saplai ya volti 24 haitoshi hata hivyo. Mosfeti (aina ya transista) kama IRF540, mzigo, yaani hatua ya mwisho, ukiwa upande wa sosi, mguu wa kutolea umeme, hutaka geti, mguu wa kuiongoza, iwe juu ya sosi kwa volti kama 4, na geti inalishwa na saplai hiyohiyo. Weka 28.

Sasa hesabu joto. Ukinyamaza, 28 zinaingia, 12 zinatoka, na 16 zinabaki kwenye transista inayopitisha ampea 1. Hizo ni wati 16 za joto tupu, nyingi kuliko zinazofika kwenye hatua ya mwisho. Ingiza toni safi hadi asilimia 100 na joto linapungua: saplai bado inatoa wastani wa wati 28, mzigo unachukua 18, transista inabakiwa na 10. Koki iliyofunguliwa yote haizuii kitu na iliyofungwa haipitishi kitu. Mateso yako katikati, na katikati ndipo inapokaa usiposema. Kwa hiyo hitsinki, chuma cha kupoza transista, hupimwa kwa ukimya. Washa mtambo, usiseme neno kwa nusu saa, kisha uiguse, taratibu.

Koki ina udhaifu mwingine: humwaga maji, haiyanyonyi yarudi. Transista hupandisha volti upesi, lakini kuzishusha ni kazi ya mzigo peke yake. Na hapo kwenye makutano yao lazima iwepo kapasita ya kuzuia masafa ya redio yasirudi nyuma. Fundi aliyezoea pawa saplai, ambako kapasita kubwa ni heri, atatamani kuweka ya mikrofaradi 10. Kwa omu 12 hiyo humwaga chaji yake kwa kipimo cha mikrosekunde 120, ilhali toni ya kilohezi 3 hutoka kileleni hadi bondeni kwa mikrosekunde 167 hivi. Kapasita inabaki nyuma. Kwa toni hiyo, ukipita asilimia 40 hivi, mteremko wa wimbi unakatwa mshazari, na kila "s" ya msemaji inakwaruza. Mikrofaradi 1 inatosha.

Ndiyo maana majaribio huanza bila redio. Funga rezista ya omu 22 na ya 27 sambamba, kila moja ya wati 25, upate omu 12 na ushee. Ingiza toni ya kilohezi 1, halafu 3, na kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi, tazama bonde zaidi ya kilele. Bonde likiwa safi, unganisha hatua ya mwisho na mzigo bandia wa omu 50, rezista inayokaa mahali pa antena. Antena isubiri, maana wenzako kwenye bendi hawana haja ya kusikia filimbi zako. Weka osiloskopu kwenye X-Y, ambako ishara moja huchora kwa mlalo na nyingine kwa wima, sauti iende X, redio iende Y. Pembetatu yenye ncha kali ni asilimia 100. Kingo zake zikinyooka, modyuleta inafuata sauti kwa uaminifu. Ncha ikiota mkia, umepitiliza: wimbi linakatika na takataka zake zinawamwagikia majirani wa bendi.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulikumbuka transista zikishaungua. Mosfeti ya modyuleta ikifa, kwa kawaida hufa kwa kupiga shoti, na volti 28 zote huingia mbele. Kwenye daraja la E, dreni, mguu wa transista unaopokea umeme, hupanda kama mara 3.56 ya volti inazolishwa, yaani karibu 100. IRF510, kipenzi cha watu wa ridhaa kwa sababu ya bei yake, mwisho wake ni volti 100. Fyuzi haitawahi. Mimi kwenye hatua ya mwisho ningefunga transista ya volti 200.