Manjano, Ngozi na Chembe Nano za Mafuta: Maswali na Majibu

Nikijipaka manjano mahali ngozi inapowasha na kuvimba, dawa iliyomo inafika ndani?

Inafika kidogo mno. Twanga manjano mabichi, yapake kiganjani, kisha nawa kwa sabuni baada ya robo saa: rangi itabaki kwenye mistari ya kiganja na pembeni mwa kucha hata kesho yake. Wanaosinga maharusi kwa manjano huko Zanzibar wanaijua vizuri hali hiyo. Sehemu kubwa ya rangi hiyo ni kurkumini, dutu ambayo maabara zimeonyesha kwamba huweza kutuliza uvimbe, nayo imeganda kwenye tabaka la nje lenye seli zilizokwisha kufa, ilhali uvimbe wenyewe uko chini zaidi, kwenye seli zilizo hai.

Tabaka hilo jembamba linazuiaje?

Unene wake katika sehemu nyingi za mwili ni mikrometa (sehemu ya elfu ya milimita) 10 hadi 20 tu, lakini limejengeka kama ukuta: seli zilizokauka ndizo matofali, na mchanganyiko wa mafuta ya ngozi, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, ndio udongo unaoyashikanisha. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi walieleza kwamba molekuli zenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya ukuta huo kwa shida. Kurkumini ina daltoni 368 hivi, kwa hiyo ukubwa si kikwazo chake. Kikwazo ni kwamba haiyeyuki kwenye maji ila kwa kiasi kidogo sana, na dutu isiyoyeyuka hubaki chenga juu ya ngozi; tena mwanga huiharibu upesi.

Chembe nano za mafuta zinasaidiaje hapo?

Hizi ni chembe ndogo mno za mafuta zinazobeba dawa. Kurkumini huyeyushwa ndani ya mafuta au nta iliyopashwa moto, kisha mchanganyiko huo hupigwa kwa nguvu pamoja na maji ya moto yenye kiungo kama lesithini kinachozuia mafuta kujitenga. Unapopoa, mafuta huganda yakiwa chembe ambazo mara nyingi zina upana wa nanometa (sehemu ya milioni ya milimita) 100 hadi 300, wakati unywele wa kichwani una nanometa 80,000 hivi.

Chembe za kwanza za namna hii, zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa na kasoro moja inayofaa kueleweka. Mafuta yaliyoganda huendelea kujipanga taratibu kadiri siku zinavyopita, na yakishajipanga kama sahani zilizopakatana kabatini hayaachi nafasi, hivyo dawa husukumwa nje ikiwa bado dukani. Ndipo watafiti wakachanganya mafuta magumu na mafuta yasiyoganda, ili mpangilio uwe wa ovyo na dawa ipate mianya ya kukaa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo wazo zuri kuliko yote katika fani hii.

Kwa hiyo chembe hizo hutoboa ngozi na kuingia kwenye damu?

Hapana, na hofu hii ninaisikia mara nyingi. Kwenye ngozi nzima, chembe zenyewe kwa kawaida hubaki juu. Hutandaza utando mwembamba unaozuia maji ya ngozi yasipotee, mafuta yake hukaribiana na yale ya ule ukuta, nyingine hukusanyika kwenye mashimo ya vinyweleo, na dawa iliyokwisha kuyeyuka ndiyo inayohama polepole kwenda chini. Ngozi yenye vidonda ni jambo jingine, kwa sababu ukuta umebomoka.

Je, niache krimu niliyopewa na daktari nitumie hizi?

Usiache. Matokeo mengi kuhusu kurkumini katika chembe hizi yametoka maabara na kwa wanyama, na majaribio ya kutosha kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi au soriasisi bado hayajafanyika. Aliyetumia krimu kali ya steroidi kwa muda mrefu akiikatiza ghafla, ngozi inaweza kuwaka vibaya kuliko mwanzo. Daktari ndiye wa kumpangia namna ya kuipunguza. Neno “asili” kwenye kopo lisikutulize, kwani wapo watu wanaopata mzio wa kurkumini yenyewe. Ukitaka kujaribu krimu ya namna hii, paka kiasi cha punje ya mchele upande wa ndani wa mkono kwa siku kadhaa, na pakiwasha au kutoka vipele, oshea mbali na usiirudie.