Sensa ya joto katika AC ya gari: yanayosemwa gereji na yanayopimika

AC inayojiendesha yenyewe, ile ambayo dereva huchagua nyuzi 24 na kuiachia kazi iliyobaki, hutegemea sensa chache za joto, yaani vipima joto vya umeme: moja nyuma ya tundu dogo la dashibodi, moja mbele ya rejeta nyuma ya bampa, na nyingine iliyochomekwa kwenye mapezi ya evaporeta, kifaa cha ndani ya dashibodi kinachopooza hewa. Kila moja ni kipande kidogo chenye waya mbili, ambacho ukinzani wake kwa umeme (unaopimwa kwa omu) hupungua kadiri joto linavyopanda. Mifano yangu ni ya Toyota kwa kuwa ndizo zinazojaa katika gereji zetu, ingawa kanuni ni ileile kwa magari mengi.

Dhana: "AC haipoozi, basi gesi imeisha."

Hakuna dhana inayowamaliza fedha wenye magari kuliko hii. Ni kweli kwamba gesi ikipungua AC haipoozi, lakini kompresa (pampu inayosukuma gesi) isiyoshika kabisa inaweza kuwa imezuiwa makusudi na kontrolboksi, yaani kompyuta ya AC. Sensa ya evaporeta iliwekwa ili kompresa ikatwe pale mapezi yanapokaribia kuganda. Waya wake ukikatika, ukinzani huwa mkubwa kupita kiasi, na kontrolboksi hutafsiri ukinzani mkubwa kuwa baridi kali. Kwa hiyo huizuia kompresa ili kuepusha barafu ambayo haipo. Fundi anayeongeza gesi hapo anaujaza mfumo ambao huenda ulikuwa umejaa tangu mwanzo, na presha iliyozidi ni tatizo jipya juu ya lile la zamani.

Kinyume chake pia hutokea. Sensa ikichomoka kwenye mapezi, husoma joto kubwa kuliko hali halisi, kompresa haikatwi, na evaporeta huganda. Dalili yake ni upepo unaofifia baada ya mwendo mrefu. Dereva akizima AC kwa muda, upepo hurudi na maji mengi humwagika chini ya gari. Mwenye gari la namna hiyo asikubali kuuziwa feni kabla sensa haijakaguliwa.

Dhana: "Mashine imetaja sensa, basi sensa imekufa."

Mashine ya kukagua gari husoma misimbo ya hitilafu. Msimbo B1411 ni wa joto la ndani ya gari, B1412 ni wa joto la nje, na B1413 ni wa evaporeta, lakini maelezo ya kiwanda kwa yote matatu yanataja saketi ya sensa, na saketi ni pamoja na waya, soketi na kontrolboksi yenyewe. Kontrolboksi haiioni sensa. Hutoa volti 5 kupitia rezista (kipande cha kukinza umeme) iliyo ndani yake, kisha husoma volti zilizobaki kwenye waya wa ishara. Sensa ikiwa baridi volti hupanda, ikiwa ya moto hushuka. Volti zikikwama juu au chini kabisa, msimbo huandikwa, bila kujali ni nani aliyezikwamisha.

Kwa sababu hiyo kipimo cha maana huanzia kwenye soketi, wala hakihitaji kifaa kipya. Chomoa soketi ya sensa, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha pima kwa mita kati ya pini mbili za upande wa gari: zinapaswa kuonekana volti 5 au karibu yake. Baada ya hapo unganisha pini hizo mbili kwa kipande cha waya huku ukitazama usomaji kwenye mashine. Katika Toyota nyingi, joto la ndani husomeka nyuzi -6.5 saketi ikiwa wazi na nyuzi 57.25 pini zikiunganishwa. Namba ikiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, waya na kontrolboksi ni vizima, na hapo ndipo sensa inapostahili kulaumiwa. Isiporuka, sensa mpya haitasaidia kitu. Hatua ya kuunganisha pini isirukwe, kwani waya ulioliwa na kutu bado unaweza kuonyesha volti 5 kwenye mita.

Mafundi wengi hupotea palipo katikati, pale msimbo usipokuwepo kabisa. Chukua sensa yenye kilo-omu 1.7 kwenye nyuzi 25. Kutu ya kijani kwenye pini ikiongeza omu 500 tu, kontrolboksi itaamini kuwa ni nyuzi 18 au 19, na gari litapunguza ubaridi huku abiria wakitoka jasho. Maji ndani ya soketi hufanya kinyume: huupitishia umeme njia ya pembeni, na usomaji hupanda.

Dhana: "Sensa nzima ina omu zake maalumu."

Omu bila kutajiwa joto hazina maana yoyote. Sensa ipimwe ikiwa imechomolewa, kisha itumbukizwe kwenye glasi ya maji ya barafu, ambapo ukinzani unapaswa kupanda taratibu bila kurukaruka. Taa ya kupimia ya volti 12 isitumike hapa hata kidogo, kwa kuwa huvuta umeme mwingi kuliko saketi hii inavyostahimili.

Dhana: "Dashibodi inaonyesha nyuzi 41 Dar es Salaam, sensa ya nje ni mbovu."

Gari lililokaa kwenye foleni hupokea joto la rejeta na la lami, nayo kontrolboksi hurekebisha namba polepole. Hukumu itolewe baada ya kilomita kadhaa za mwendo wa kawaida.

Dhana: "Msimbo wowote ni ubovu."

Katika Toyota nyingi zenye AC hii, ukishikilia AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani huku ukifungua swichi, AC hujikagua: 00 ni salama, na 11, 12 na 13 ni sensa zilezile tatu. Inapotokea 21, ambayo ni sensa ya mwanga wa jua, litoe kwanza gari nje ya banda. Ndani ya gereji yenye giza msimbo huo hujitokeza hata sensa ikiwa nzima.