Kwa nini dawa ya bakuchi hutaka jua?

Tangu zamani huko India, mwenye mbalanga, yale mabaka meupe ambayo hospitalini huitwa vitiligo, akienda kwa tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, hupewa dawa ya mbegu za bakuchi, kisha huambiwa akaketi juani. Sharti hilo husikika kama mbwembwe za waganga. Lakini ukiliondoa jua, dawa yenyewe karibu haina kazi.

Bakuchi ni mmea wa jamii ya kunde, wenye maua ya zambarau na mbegu nyeusi, moja tu katika kila ganda. Mwaka 1933 wanakemia wa India walitoa ndani ya mbegu hizo kemikali inayoitwa psoraleni, kutokana na jina la kisayansi la mmea, Psoralea corylifolia.

Molekuli ya psoraleni ni bapa. Huingia kwenye seli na kujipenyeza katikati ya nyuzi mbili za DNA, ile kemikali inayobeba maagizo ya seli, kama karata inayochomekwa kwenye fungu. Gizani hukaa tu. Ikipigwa na miali ya urujuanimno ya aina ya A, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, hushika nyuzi zote mbili na kuzifunga pamoja. Seli iliyofungwa hivyo haiwezi kugawanyika. Seli za kinga zilizokuwa zikishambulia rangi ya ngozi hupungua nguvu, na ngozi nayo huchochewa kutengeneza rangi upya.

Rangi hairudi baka zima kwa mpigo. Huanza kama vidoa vidogo kuzunguka vinyweleo, kwa kuwa akiba ya seli za rangi imejificha kwenye mashina ya nywele. Ndiyo maana midomo na ncha za vidole hukaidi, na baka lenye nywele zilizokwisha kuwa nyeupe huwa gumu kupona.

Wamisri walilijua jambo hilohilo kwa mmea mwingine wa kando ya Nile, Ammi majus. Katika miaka ya 1940 daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliujaribu kitabibu, na mwaka 1974 madaktari wa Marekani wakaeleza tiba ya psoraleni na taa maalumu ya urujuanimno kwa soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba.

Ukitaka kuiona nguvu yake, mtazame aliyekamua ndimu kisha akashinda juani: mikono hutoka malengelenge, halafu madoa meusi. Ndimu ina kemikali za ukoo huohuo. Bakuchi iliyozidi huunguza vivyo hivyo, na tiba ya taa ikiendelea miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Siku hizi mbegu hizohizo zinatafutwa kwa kitu kingine kabisa: bakuchioli, inayotiwa kwenye vipodozi vya kupunguza makunyanzi. Hiyo haihitaji jua, mradi imesafishwa psoraleni yote. Mafuta ya bakuchi yaliyokamuliwa tu bado yanayo, na majina kwenye chupa yanafanana mno.