Hodi kwenye mlango wa mitokondria

Nilifundishwa, nami nikawafundisha wengine, kwamba kipokezi cha kemikali za neva hukaa kwenye utando wa nje wa seli. Kemikali hufika, hubisha hodi barazani, ujumbe ukaingia ndani. Siku hizi sifundishi hivyo. Vipokezi vingine vimejibanza ndani kabisa, juu ya mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, kama mtu anayesubiri mlango wa jikoni. Oksijeni ikipungua, hao wa jikoni ndio ninaowatazama kwanza.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Damu ikikatika, elektroni zinazosafirishwa ndani ya mitokondria hukosa wa kuzipokea mwisho wa safari, maana mpokeaji ni oksijeni. ATP, nishati inayoendesha seli, inaisha. Pampu za sodiamu na potasiamu zinasimama, glutamati, kemikali ya kusisimua neva, inamwagika nje ya seli, vipokezi vyake viitwavyo NMDA vinafunguka na kalsiamu inafurika ndani. Mitokondria huimeza kalsiamu hiyo hadi inalemewa. Hapo sitokromu c, protini inayokaa ndani ya mitokondria, huvuja, na ikishavuja seli huanza kujiua.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walionyesha kwamba mitokondria za seli za neva hutengeneza melatonini, homoni ya usingizi, zenyewe, na kwamba kwenye utando wao wa nje kuna kipokezi chake, MT1. Yaani melatonini hutoka ndani, kisha hubisha hodi kwenye mlango wa mitokondria ileile iliyoizaa! MT1 huamsha protini ya G, mpokeza ujumbe wake, kisha cAMP, kemikali inayosambaza ujumbe ndani ya seli, hupungua, na sitokromu c huzuiwa isitoke. Niliisoma kazi ile mara tatu.

Wapo wenye shaka, na shaka yao naiheshimu. Ukisaga ubongo na kuuzungusha kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji ili kutenga mitokondria, vipande vya utando wa seli hung'ang'ania mitokondria, na kipokezi cha barazani huonekana kama cha jikoni. Nimewahi kupoteza wiki kadhaa kwa kosa hilo. Kwa hiyo nilipoisoma kazi ya kundi la Bordeaux la mwaka 2012, iliyosema kwamba kipokezi cha bangi, CB1, kimo kwenye mitokondria, kwanza nilitafuta panya wasio na jeni ya CB1. Walikuwepo. Kwao kemikali ya bangi haikupunguza upumuaji wa mitokondria, yaani matumizi yake ya oksijeni, ilhali kwa panya wa kawaida iliupunguza.

Nimeulizwa kama vidonge vya melatonini vya usingizi vinatibu kiharusi. Hapana, mgonjwa akimbizwe hospitali.

Ninayemfikiria zaidi ni mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa. Nishati ya ubongo wake hurejea kwanza, halafu baada ya saa kadhaa mitokondria huanguka mara ya pili. Kwa sababu ya nafasi hiyo, hospitali zenye vifaa kamili humpoza hadi nyuzi 33.5 ndani ya saa 6 za mwanzo, kwa saa 72. Katika saa hizohizo, nadhani, huenda sitokromu c bado haijatoka yote, na mlango wa MT1 bado unaweza kubishwa.