Mimea 201 ya Mendel

Mtu akijua mimi ni mtakwimu, hakawii kuniuliza kama kweli Gregor Mendel, yule mtawa wa Brno (mji ulioko Jamhuri ya Czech) aliyetuachia sheria za urithi, alipika takwimu zake za njegere.

Hoja iliyozoeleka ni kwamba hesabu zake ni nzuri mno. Mbegu laini 5,474, zenye makunyanzi 1,850: karibu kabisa na 3 kwa 1, uwiano ambao nadharia yake inautarajia. Mwaka 1936 mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliyajumlisha majaribio yote ya Mendel, akaona bahati ya kukaribia nadharia kiasi hicho ni 7 katika 100,000. Mimi hoja hiyo hainikoseshi usingizi. Ukihesabu maelfu ya mbegu kwa macho, ile yenye utata huiweka upande unaoutarajia bila hata kujijua.

Kinachonisumbua ni 201. Mendel alichukua mimea 600 yenye sifa tawala (ile inayoifunika nyingine, iitwayo fiche), akitarajia theluthi moja, yaani 200, iwe halisi, isiyobeba sifa fiche, na iliyobaki chotara, inayoibeba bila kuionyesha. Kutoka kila mmea alipanda mbegu 10. Ukitokea hata mche mmoja wenye sifa fiche, basi mzazi ni chotara. Tatizo ni kwamba kila mbegu ya chotara ina nafasi 3 kati ya 4 ya kuonyesha sifa tawala. Zidisha robo tatu kwa yenyewe mara kumi, unapata kama asilimia 5.6. Kwa hiyo chotara wapatao 22 wangepita kama halisi, na jumla ingekaribia 222. Yeye aliandika 201. Alipiga katikati ya shabaha isiyokuwepo!

Fisher alimshuku msaidizi aliyejua fika bwana wake anataka nini. (Maskini msaidizi, hana wa kumtetea.) Lakini hesabu ya namna hii, kwa bahati tu, huyumba kwa mimea kama 12 juu au chini, na pengo la 21 halifiki hata maradufu ya hapo. Kwa ushahidi huo peke yake simfungi mtu.

Tena, ndani ya zile 201 mna jaribio la rangi ya maganda: mimea 100, halisi 40. Mendel aliona 40 imezidi theluthi, yaani 33, akarudia, akapata 35, na mwaka 1866 akachapisha yote mawili. Mpishi wa takwimu angeificha ile 40. Ila kwa mbegu 10, ukiongeza chotara kama 4 wanaopita kama halisi, tarajio sahihi lilikuwa 37. Ile 40 haikuwa na kasoro yoyote. Na 28 aliyoipata kwenye jaribio jingine, iliyokuwa mbali zaidi na 37, hakuirudia.