Jeni moja, mioyo miwili

"Kaka wa mgonjwa huyu mlishamtengenezea modeli ya moyo, na jeni yenye hitilafu ni ileile. Si mtumie hiyohiyo?" Nimeulizwa tena, safari hii na daktari. Haiwezekani, jamani. Ninachojenga kwenye kompyuta ni moyo wa mtu mmoja.

Chukua HCM, maradhi ya kunenepa msuli wa moyo, yanayompata takriban mtu 1 kati ya 500. Jeni zinazohusika zaidi ni MYBPC3 na MYH7, na kila mtoto wa mzazi mwenye maradhi hayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi ile yenye hitilafu. Baada ya hapo kila moyo hushika njia yake: wa kaka ukuta unafika milimita 20 na makovu yametapakaa, wa mdogo mtu huenda usioneshe dalili yoyote.

Kovu ndilo linalonikesha. Kwenye picha za MRI zenye gadolini, dawa ya kung'arisha picha, kovu zito hung'aa jeupe. Humo umeme unaoendesha mapigo haupiti, basi. Shida iko pembeni yake, kwenye ukanda wa kijivu ambako seli hai zimechanganyika na kovu. Humo umeme hupita kwa kusuasua, hujizungusha, hurudi ulikotoka, na mapigo ya hatari huanzia hapo. Nikisogeza mpaka wa ukanda huo pikseli (nukta za picha) chache tu, mzunguko unaweza kuzuka au kutoweka. Halafu unaniambia nimpachike mtu kovu la kaka yake!

Jeni nayo ina sehemu yake. Mwaka 2023 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha modeli za wagonjwa 16 wa ARVC, maradhi mengine ya kurithi ya msuli wa moyo. Kwa wenye hitilafu ya jeni ya PKP2, makovu peke yake hayakutosha. Ilibidi waingize pia jinsi jeni hiyo inavyopunguza kasi ya umeme. Kwa wale ambao hitilafu ya jeni haikupatikana, kovu ndilo lililotawala.

Linalonitia shaka ni mwelekeo wa nyuzi za msuli. MRI ya kawaida haiuoneshi, kwa hiyo tunaupanga kwa kanuni iliyotokana na mioyo yenye afya. Na HCM ndiyo hasa huvuruga mpangilio wa nyuzi hizo! Ndiyo maana narudia majaribio kwa mipaka tofauti ya kovu na kasi tofauti za umeme, na daktari anayefikiria kupandikiza kifaa cha kushtua moyo nampa matokeo yote, hata yanayopingana.

Mdogo mtu apigwe MRI yake, na irudiwe baada ya muda, maana kovu huongezeka.