Tripo-dabo ni nini? Tuisome kwenye usiku wa Sudan Kusini na Marekani

Jumamosi ya tarehe 20 Julai 2024, katika ukumbi wa O2 jijini London, Sudan Kusini ilikwenda mapumziko ikiwa mbele ya Marekani kwa pointi 58 dhidi ya 42. Ilikuwa mechi ya kirafiki ya mpira wa kikapu, ya kujiandaa na Olimpiki ya Paris. Upande mmoja kuna LeBron James, Stephen Curry na Anthony Davis. Upande wa pili, timu ya nchi iliyopata uhuru mwaka 2011. Sekunde 20 kabla ya kipenga cha mwisho, JT Thor alifunga pointi tatu kutoka mbali na vijana wa Juba wakawa mbele 100 kwa 99. LeBron akapenya hadi chini ya ringi na kuweka mpira kikapuni zikiwa zimebaki sekunde 8. Mechi ikaisha 101 kwa 100.

Ukifungua karatasi ya takwimu ya usiku ule, macho yanakimbilia kwa waliofunga zaidi: LeBron pointi 25, Marial Shayok wa Sudan Kusini 24. Shuka kidogo utamkuta Carlik Jones, mchezeshaji wa Sudan Kusini, na namba tatu: pointi 15, ribaundi 12, asisti 11. Hiyo ndiyo tripo-dabo, na kwangu mimi ndiyo namba inayoeleza vizuri kuliko zote jinsi Sudan Kusini ilivyofika pale ilipofika.

Neno lenyewe huwachanganya wengi. Wapo wanaodhani ni kuzidisha mara mbili, halafu mara tatu. Sivyo. "Dabo" hapa ni tarakimu mbili, yaani kuanzia 10 kwenda juu. "Tripo" ni mara tatu, maana yake umefikisha tarakimu mbili katika vipengele vitatu tofauti vya takwimu ndani ya mechi moja. Vipengele vinavyohesabika ni vitano: pointi, ribaundi, asisti, kuiba mpira na bloku. Ukipata pointi 40, ribaundi 15 na asisti 9, hujapata kitu zaidi ya dabo-dabo, yaani tarakimu mbili katika vipengele viwili tu. Asisti moja imekukosesha.

Pointi kila mtu anazijua. Hizo nyingine tuzione kwa mfano. Tuseme mpinzani ametupa, mpira umegonga ringi na kurudi. Jones anaruka kati ya mabega ya watu wanaomzidi urefu na kuudaka: mwandishi wa takwimu aliyekaa pembeni ya uwanja anampa ribaundi moja. Anaudunda hadi upande wa pili, mabeki wanamfuata, anautupia kwa Shayok aliyesimama peke yake kwenye kona. Shayok anatupa, pointi tatu. Shayok anaandikiwa pointi 3, Jones anaandikiwa asisti 1. Shayok akikosa, pasi ile ile, nzuri vile vile, haiandikwi popote. Kwa hiyo asisti ni kazi ya watu wawili hata kama inaingia kwenye jina la mmoja. Kuiba mpira ni kumnyang'anya mpinzani bila faulo, au kuikata pasi yake. Bloku ni kuuzuia mpira ulioelekezwa kikapuni kabla haujaanza kushuka.

Sasa rudi kwenye zile 15, 12, 11 na ufanye hesabu kidogo. Kila asisti kwa kawaida huzaa pointi 2 au 3. Asisti 11 kwa makadirio ya chini ni pointi 22 hivi. Ongeza 15 alizofunga mwenyewe, unapata kama 37. Zaidi ya theluthi moja ya pointi 100 za Sudan Kusini zilipita mikononi mwa mtu huyu mmoja. Na ribaundi 12 ni za mchezaji mwenye urefu wa futi sita na kidogo tu, aliyezigombania dhidi ya timu yenye masenta kama Davis na Joel Embiid. Ribaundi ni kazi ya watu warefu, kila kocha wa shule atakuambia hivyo. Mchezeshaji anapozidaka 12, ujue hakupumzika.

Kuna jambo jingine linaloongeza uzito wake. Mechi za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ni dakika 48. Za kimataifa, chini ya sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ni dakika 40. Ni muda mchache zaidi wa kukusanya namba zile zile, ndiyo maana tripo-dabo katika mashindano ya mataifa ni adimu. Ulegevu mmoja upo: FIBA humpa mtu asisti pia pale aliyepokea pasi yake anapochezewa faulo akitupa, kisha akafunga walau mpira mmoja wa adhabu. NBA haifanyi hivyo.

Jina hili lilienea Marekani miaka ya mwanzo ya 1980, enzi za nyota wa NBA Magic Johnson, lakini kitu chenyewe kilikuwepo kabla ya kupewa jina. Msimu wa 1961-62, Oscar Robertson wa NBA alikuwa na wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti 11.4. Wastani wa msimu mzima, si mechi moja! Kuiba mpira na bloku NBA haikuanza kuzihesabu rasmi hadi msimu wa 1973-74, kwa hiyo wazuiaji wengi hodari wa zamani hawana ushahidi wowote kwenye karatasi.

Njia ya bloku ndiyo ngumu zaidi, na Mtanzania aliwahi kuipita. Januari 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, akiichezea Connecticut katika ligi ya vyuo vikuu Marekani, alimaliza mechi dhidi ya Providence na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Bloku 10! Timu nzima huweza kucheza mechi mbili bila kuzifikisha.

Hata hivyo, tripo-dabo haikuambii nani alishinda, na haikuambii makosa. Mipira iliyopotezwa haimo. Mitupo iliyokoswa haimo. Beki aliyemfuata Curry dakika zote bila kumpa nafasi haandikiwi chochote. Kwenye nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Luka Dončić wa Slovenia alipata pointi 16, ribaundi 10 na asisti 18, na Ufaransa ikapita 90 kwa 89 baada ya Nicolas Batum kupiga bloku kwenye sekunde za mwisho. Dončić na Jones, wote tripo-dabo, wote wamefungwa kwa pointi moja. Naumia kila nikiziweka mechi hizo mbili pamoja.

Namba za Jones hazimo kwenye orodha ya Olimpiki kwa sababu ile ya London ilikuwa ya kirafiki. Siku 11 baadaye timu hizo zilikutana tena, safari hii mjini Lille kwenye Olimpiki yenyewe, na Marekani ikashinda 103 kwa 86. Sudan Kusini ilikuwa tayari imeifunga Puerto Rico 90 kwa 79, ushindi wake wa kwanza wa Olimpiki, ikiwa na wachezaji kama Bul Kuol, aliyezaliwa kambi ya Kakuma nchini Kenya, na Khaman Maluach, aliyejifunzia mpira huu Uganda. Na LeBron, aliyewaokoa Wamarekani kule London, alipata tripo-dabo yake tarehe 8 Agosti dhidi ya Serbia: pointi 16, ribaundi 12, asisti 10. Ribaundi sawasawa na za Jones, asisti pungufu kwa moja.